Chungu Kimoja: Tahakiki ya Makande ya Migahawani Mamba

Mhakiki wa vyakula aghalabu huingia mgahawani na kalamu nyekundu ya mwalimu. Hutazama meza, huonja mchuzi, hupima adabu ya mhudumu, kisha hujumlisha alama na kutoa wastani. Kipimo hicho huenda kikazifaa hoteli za mijini zenye orodha ndefu. Kwa migahawa midogo ni dhuluma. Diwani yenye mashairi thelathini, ishirini na tisa yakiwa ya kawaida na moja likiwa hai, haikumbukwi kwa wastani wake. Hukumbukwa kwa lile moja.

Mamba, katika milima ya Pare Kusini wilayani Same, inatajika nchini kwa tangawizi. Mgeni apandaye huko kutoka tambarare za upande wa Mkomazi hutaraji kwamba kitakachomstaajabisha ni chai, na chai kweli huwa na ukali wake. Lakini migahawa yenyewe ni ya namna ile ile ijulikanayo kote Tanzania: mabenchi, ndoo ya maji ya kunawia, wali na maharage, chapati iliyokwisha poa, nyama chache katika mchuzi mwingi. Kisha huletwa sahani ya makande, na mazungumzo ya mezani hukatika.

Makande ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Watu wa pwani wanayajua kwa majina ya kande na pure. Ni chakula kisichokuwa na pa kujificha. Pilau mbovu huweza kusitiriwa na bizari, na urojo wa Unguja una ndimu, embe na pilipili za kuutetea. Makande hayana mtetezi. Punje ya hindi sharti ipasuke bila kurojeka. Haragwe lishike umbo lake hali ndani limelainika. Mchuzi upate uzito kutokana na wanga wa maharage yenyewe, si kutokana na unga uliotiwa dakika za mwisho. Kitunguu, nazi au samli huja baadaye, kama pambo la nyumba iliyokwisha simama. Mpishi mwenye pupa hutia magadi mengi ili maharage yaive upesi, na mlaji huijua pupa hiyo kwa ladha ya sabuni iliyobaki ulimini.

Kwa nini basi mgahawa ushindwao na chapati uweze makande? Jibu limo katika wakati. Chapati hudai mkono wa mtu dakika ile ile mteja anapongoja, na mama ntilie ana mikono miwili tu. Makande huanza usiku wa kuamkia, mahindi na maharage yakiwa yamerowekwa. Huhitaji moto wa wastani na mtu wa kuongeza maji. Tena mlimani subira huongezwa na maumbile: kwenye kimo cha mita 1,500 maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi, si 100, na kila punje huchelewa kuiva. Sufuria kubwa hushika joto lake muda mrefu kuliko sufuria ndogo ya nyumbani. Zaidi ya hayo, wateja wa siku ya gulio wamekula makande tangu utotoni. Kwa wali watasamehe. Kwa makande hawasamehi. Hakuna mpishi apataye wahakiki wakali kuliko hao.

Hapa neno "kushangaza" linahitaji kuangaliwa. Mshangao ni wa mgeni, si wa mwenyeji. Watanzania wengi waliyajua makande katika shule za bweni, yakiwa magumu, yamepikwa kwa mapipa, na mara nyingine yakiwa na wadudu. Kutokana na kumbukumbu hiyo, na kutokana na mizaha isiyokwisha juu ya Wapare na chakula chao, makande yakawa alama ya uhaba. Asemaye "sikutegemea" mbele ya sahani ya Mamba anakiri, bila kujua, kwamba alikuja na hukumu mfukoni.

Hukumu hiyo haina msingi. Mahindi na maharage yote mawili ni mazao ya bara la Amerika, yaliyovuka bahari baada ya mwaka 1492, na mkulima wa Upareni huyapanda pamoja katika shamba moja. Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya viini vya protini. Maharage yanayo ya kutosha, na kile ambacho maharage yamepungukiwa hupatikana katika mahindi. Chakula kilichodharauliwa kuwa cha mtu asiye na nyama kimekamilika kuliko wali mtupu uliokuja kukipokonya heshima.

Hata hivyo, sifa zisigeuke huruma. Mhakiki akiyasifu makande na kunyamazia chapati baridi, amemfanya mpishi mtoto. Aliyelipa fedha yake kwa chapati ana haki sawa na aliyelipia makande.

Na kuna jambo zito kuliko chapati. Makande hula kuni, na kuni hutoka katika misitu ile ile inayotunza chemchemi za milima hiyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kusudio ni jema. Lakini mama ntilie akipiga hesabu ya gesi kwa saa nyingi za moto, chakula cha kwanza kufutwa katika ubao wake kitakuwa makande, na chipsi zitabaki. Kuroweka usiku kucha hupunguza saa hizo. Presha kuka huzipunguza zaidi, kwani hurudisha joto ambalo mwinuko umelipunguza. Itabaki kuonekana kama punje itapasuka vilevile, na kama mchuzi utapata muda wa kushikana. Hilo litaamuliwa mezani, siku ya gulio, na wale wasiosamehe.