Mshono Unaoonekana: Ukuaji wa Sanaa ya Mpigapicha Sammy Baloji

Uhakiki wa sanaa kwa lugha ya Kiswahili umejikita zaidi katika neno: ushairi, riwaya, tamthiliya na, katika miaka ya karibuni, nyimbo. Picha ya kamera imeachiwa wanahabari na wanahistoria, ambao huitumia kama ushahidi wa jambo jingine. Ni nadra kuhakikiwa kama kazi yenye fani na maudhui yake yenyewe. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa jicho hilo la pili. Yanahusu kazi za Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978 Lubumbashi, katika eneo la Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani, ya sokoni na, kwa miongo mingi, ya mgodini. Swali linalotuongoza ni jepesi kuuliza: msanii huyu amekuaje? Wasifu unaochapishwa katika vitabu vya maonesho hulijibu kwa kuorodhesha miji na miaka, yaani Bamako 2007, Venice 2015, Kassel 2017, Roma 2019. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ni orodha ya safari. Haituelezi ni kitu gani kilibadilika ndani ya picha.

Dai letu ni kwamba Baloji amekuwa na mbinu moja tangu mwanzo, nayo ni kuunga. Huchukua vitu viwili ambavyo historia imevitenganisha, akaviweka katika fremu moja. Kilichokua ni ujuzi wake wa mshono wenyewe: nini kiungwe na nini, na je, mtazamaji auone mshono huo au afichwe. Tutajaribu kuonesha kwamba kazi zake bora ni zile ambazo mshono umeachwa wazi, na kwamba pale ulipofunikwa na uzuri wa malighafi, kazi imepungukiwa na makali.

Tuanze na mfululizo wa Mémoire, yaani Kumbukumbu, wa mwaka 2006. Baloji alikuwa ameanza na uchoraji wa katuni, amesomea mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na ameshapiga picha za majengo ya kikoloni ya mji wake. Katika Mémoire, nyuma kuna mandhari ya rangi: maeneo ya kampuni ya Gécamines yaliyotelekezwa, mabati yenye kutu, mitambo iliyozimwa, vilima vya mabaki ya madini, na anga pana ya Katanga. Mbele yake wamesimamishwa watu waliokatwa kutoka picha za kale za rangi nyeusi na nyeupe: wafanyakazi waliopangwa mbele ya kamera, na Wazungu wa enzi ya kampuni. Kompyuta ndiyo iliyofanya kazi ya mkasi na gundi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Baloji hakujaribu kulihadaa jicho. Hakumpaka mfanyakazi wa kale rangi ili afanane na ardhi aliyosimama juu yake. Rangi na weusi vimeachwa vigongane.

Msomaji wa haraka ataona hapa maombolezo ya fahari iliyopotea. Usomaji huo haukosi msingi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikataifishwa baada ya uhuru na hatimaye kuitwa Gécamines, kisha ikaporomoka katika miaka ya 1990 na kuwaacha wafanyakazi wake bila mshahara, bila posho, bila hospitali. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Kwa watu waliolelewa na kampuni, kumbukumbu ya zamani huwa tamu. Baloji haikebehi kumbukumbu hiyo, lakini anaiwekea shahidi. Watu anaowaleta kutoka hifadhi za kale hawatabasamu. Wamesimama kama vitu vinavyohesabiwa. Kwa hiyo picha inasema mambo mawili kwa pamoja: haya ndiyo mliyopoteza, na hawa ndio waliolipia. Mshono ukifutwa, kauli moja kati ya hizo mbili hufa. Katika filamu fupi yenye jina hilohilo, mcheza dansi Faustin Linyekula anautumia mwili wake kuunga, akicheza ndani ya magofu ya kiwanda huku zikisikika sauti za hotuba za viongozi.

Mbinu hii haikuanguka kutoka mbinguni, wala haikuletwa kutoka Ulaya. Lubumbashi ilikuwa tayari na desturi ya kusimulia historia kutoka chini. Mwaka 1965, André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo, ambao wakati huo uliitwa Elisabethville. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, akiandika maneno juu ya turubai pale alipoona rangi hazitoshi. Wote wawili waliweka pamoja mambo ambayo vitabu vya shule viliyatenga. Wanaomwona Baloji kama mwanafunzi wa sanaa ya kimataifa iliyomkuta Afrika wanausahau ukoo huu. Mémoire ni picha ya kamera, lakini inafikiri kama mtaa wa Lubumbashi.

Mwaka 2007 mfululizo huo ulipelekwa katika maonesho ya upigapicha ya Bamako, nchini Mali, na Baloji akapata tuzo mbili. Tuzo zilifungua milango ya kile tunachoweza kukiita ukaazi wa kisanaa, yaani muda ambao taasisi humkaribisha msanii, ikampa mahali pa kufanyia kazi na ruhusa ya kuingia katika hifadhi zake. Hapa ndipo wasifu wa kawaida husema kwamba msanii alipanuka. Sisi tungesema kwamba alipewa funguo, na funguo hizo zilikuwa mikononi mwa watu ambao mababu zao ndio waliobeba vitu hivyo.

Ukaazi uliokuwa na uzito mkubwa ni ule wa Makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, uliozaa maonesho ya Congo Far West mwaka 2011, aliyoshirikiana na mwandishi Patrick Mudekereza. Baloji alizikuta nyaraka za msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900. Msafara huo ulikuwa na mpigapicha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Michel alipiga picha za watu kama vielelezo vya sayansi. Dardenne alichora mandhari kwa rangi za maji, laini, za kupendeza, kana kwamba nchi ile haikuwa na mtu wala vita. Baloji aliwachukua watu wa Michel akawaweka ndani ya mandhari ya Dardenne. Ni kitendo kidogo mno. Lakini katika Mémoire alikuwa ameunga jana na leo, na hapa anaunga jana na jana, macho mawili ya msafara mmoja, na kuonesha kwamba hata siku ile yenyewe ukweli ulikuwa umegawanywa: uzuri ulikwenda kwa mchoraji, watu wakaenda kwa mpimaji. Kwetu sisi hatua hii ni kubwa kuliko safari yoyote ya Venice. Msanii ameacha kuilaumu hifadhi kutoka nje na ameanza kuisoma kwa lugha yake yenyewe.

Faida ya hatua hiyo ilionekana aliporudi nyumbani. Katika mfululizo wa Kolwezi, ulioanza mwaka 2009, hatumii tena nyaraka za kikoloni. Anapiga picha za kambi za wachimbaji wadogo, maturubai yaliyotandazwa juu ya udongo mwekundu, na kuziweka pamoja na mabango ya Kichina yanayouzwa sokoni na kutundikwa sebuleni, yenye majumba ya fahari, maporomoko ya maji na bustani zisizo na vumbi. Mabango hayo ni nyaraka za leo. Dardenne amepata mrithi katika kiwanda cha uchapaji cha Asia, na ndoto ya mandhari isiyo na watu imerudi ikiwa bidhaa ya bei nafuu. Bila Tervuren, sidhani kama Baloji angeliona bango la sokoni kwa namna hiyo.

Kazi iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni Essay on Urban Planning ya mwaka 2013. Humo picha za Lubumbashi kutoka angani zinapishana na picha za visanduku vya makumbusho vyenye nzi na mbu waliochomwa pini na kupangwa safu. Baloji anaongeza picha moja ya kale, ya kampeni ya kuua nzi katika kambi ya wafanyakazi, ambapo mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kabla ya kupewa posho yake. Mji wa kikoloni uligawanywa na ukanda mtupu uliotenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu asiweze kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kutoka angani ukanda huo bado unaonekana, ingawa sehemu zake zimejengwa. Hapa hakuna mtu aliyekatwa na kubandikwa. Mshono umeingia ardhini. Ni mji wenyewe. Msanii anaweka picha kando ya picha, na nafasi nyembamba kati ya fremu mbili inafanya kazi ileile ambayo ukanda ule ulifanya. Fani imekuwa maudhui. Kazi hii ilioneshwa mwaka 2015 katika banda la Ubelgiji kwenye maonesho ya Venice, jengo lililojengwa mwaka 1907, Kongo ikiwa bado mali ya Mfalme Leopold II.

Mwaka 2014 na 2015 Baloji alikuwa chini ya ulezi wa msanii Olafur Eliasson, katika mpango wa Rolex. Kutoka kipindi hicho shaba yenyewe inaanza kuchukua nafasi ya picha ya shaba. (Kwa Mswahili neno hili limebeba historia nzima: chini ya Mobutu jimbo la Katanga liliitwa Shaba, na likarudishiwa jina lake mwaka 1997.) Kazi iitwayo The Other Memorial ni kuba la shaba linalofuata umbo la kuba la kanisa moja huko Liège, lakini juu yake zimepigwa alama za chale za miili ya watu wa Kongo. Mwaka 2020 zilifuata sanamu za Johari – Brass Band mbele ya Grand Palais, Paris, zenye umbo la ala za kupulizwa.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wasifu. Sanamu hizo ni nzuri, tena nzuri mno. Chale juu ya mwili ilikuwa maandishi: ilisema mtu ni wa ukoo gani na amepitia nini. Juu ya shaba inayong'aa inageuka kuwa nakshi. Mtazamaji wa Paris anaweza kuipita, akaipenda na kuipiga picha kwa simu bila kuulizwa chochote. Shaba imeufunika mshono. Mtu anaweza kutetea kwamba hilo ndilo lengo, kwamba mali iliyochimbwa gizani irudishwe mbele ya macho ya walioila. Utetezi huo una nguvu katika maelezo ya ukutani kuliko katika kazi yenyewe.

Lakini kosa si la shaba. Mwaka 2017 Baloji alitengeneza vibao vya shaba ambavyo ni negativu za vitambaa vya kifahari vya Wakongo wa karne ya 17 na 18, vitambaa ambavyo leo vimetunzwa katika makumbusho ya Ulaya. Kila tundu la mfumo limekuwa tuta, kila tuta tundu. Kitambaa hakipo, kilichopo ni alama ya kutokuwepo kwake. Mpigapicha anarudi hapa akiwa na silaha yake ya zamani, kwa kuwa negativu ni picha inayongoja kusafishwa, na haielezi nani ataisafisha. Alipokuwa mkaazi wa Villa Medici, Roma, mwaka 2019 na 2020, aliendelea na uzi huo, hadi maonesho ya Palazzo Pitti, Florence, mwaka 2022.

Limebaki suala la hadhira, ambalo wasifu huliruka. Taasisi zilizomkuza Baloji karibu zote ziko Ulaya, na kadiri kazi zake zilivyohitaji metali, mafundi na kumbi kubwa, ndivyo zilivyozidi kuwa ngumu kuonekana na Bana Shaba wenyewe. Picha ya Mémoire inaweza kuchapishwa na kutundikwa ukutani mahali popote, kuba halitundikwi. Ni lazima tukumbuke, hata hivyo, kwamba mwaka 2008 alishiriki kuanzisha Lubumbashi mikutano ya sanaa iliyopewa jina la Kiswahili, Picha, ambayo ndiyo iliyokua ikawa Bienale ya Lubumbashi. Wasanii wengi wa mji huo, na wageni kutoka nchi nyingine za Afrika, wamepita mlango huo. Ukiupima ukuaji wa msanii kwa idadi ya watu waliopata pa kusimama kwa sababu yake, huenda hii ndiyo kazi yake kubwa, na haina fremu.

Filamu yake ya mwaka 2025, L'Arbre de l'authenticité, inaturudisha kwenye swali la mshono kwa njia ambayo hatukuitarajia. Imejengwa kuzunguka kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, kando ya Mto Kongo, na ina sauti tatu: ya Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesomea kilimo Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, ya ofisa wa kikoloni Abiron Beirnaert, na ya mti. Sauti hizo hazijibizani. Kila moja inamaliza maneno yake, kisha inayofuata inaanza.