Bunka Iwe na Jibu

Bunka ya gofu, yaani shimo la mchanga, iwe ngumu kiasi gani? Mwaka 2006, katika mashindano ya Memorial huko Ohio, Marekani, Jack Nicklaus alitaka mchanga uchanwe kwa reki zenye meno yaliyoachana. Mpira uliozama mfereji­ni uliwashinda hata mafundi. Uliotua juu ya tuta ulikuwa na nafuu. Hapo bahati ilipita ustadi. Naona bunka ni kama kitendawili: kikiwa chepesi hakifikirishi, kikikosa jibu si kitendawili. Uwanjani Kitante, hapa Kampala, mvua ikigandamiza mchanga, ugumu huo unatosha. Na tangu 2019, anayeshindwa huruhusiwa kuutoa mpira nje kwa adhabu ya mapigo mawili. Ametoa mji, mchezo uendelee.