Swali la Ziada

Watoto wanaotapika hawaishi katika kliniki za Kitengela, na karibu wote wana jambo la kawaida: minyoo, maji machafu, malaria iliyotoka nao kwa nyanya. Ndiyo maana namvulia kofia daktari anayeuliza swali la ziada. (Wengi ni maafisa wa kliniki, ila huku kila avaaye koti jeupe ni daktari.) "Mama, huwa anatapika saa ngapi?" Akijibiwa kuwa ni alfajiri, kabla ya chai, na kwamba mtoto akishatapika kichwa hutulia, dawa ya minyoo haiandikwi kwanza.

Mtoto akilala, shinikizo la kichwani hupanda; uvimbe wa ubongo ukiwa umeziba njia ya maji yake, hupanda zaidi, ndipo hutapika alfajiri. Basi daktari humvua viatu na kumtembeza juu ya mstari wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mwenye uvimbe kwenye serebela, sehemu ya kisogoni inayoshika mizani ya mwili, hutanua miguu na kuyumba kama mlevi. Kisha taa huzimwa, jicho likachunguliwa kwa oftalmoskopu, chombo alichobuni Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Kichwa cha neva ya jicho kikiwa kimevimba na kingo zimefifia, safari ya Nairobi ni leo hii.

Huko mbele, katika hospitali ya Kenyatta au ya Kijabe, kuna mafundi wanaosifiwa zaidi, na wanastahili. Mpasuaji hufuata uvimbe kwa darubini, akijua kipande kilichong'ang'ania shina la ubongo pengine ni heri kibaki. Mwanapatholojia huamua ni uvimbe gani: medulloblastoma, waliyoieleza Percival Bailey na Harvey Cushing mwaka 1925 kama ugonjwa mmoja, leo hugawanywa makundi kwa kusoma jeni zake. Mtoto hajafikisha miaka 3? Mionzi huepukwa kadiri iwezekanavyo, maana ubongo bado unajengeka.

Lakini hao wote humngoja yule wa kwanza. Hata Uingereza, kwenye mashine tele, mwaka 2011 ilianzishwa kampeni ya HeadSmart kufundisha wazazi na madaktari dalili hizi hizi. Barua ya rufaa kutoka Kitengela ikisema "anatapika alfajiri, anayumba, neva ya jicho imevimba", mpokeaji anajua aanzie wapi. Ikisema tu "kichwa kinauma", mtoto hupewa panadol na tarehe ya kurudi.