Mabawa ya Broughton

Abiria anayepanda A330 ya Uganda Airlines pale Entebbe, akapata kiti cha dirishani usawa wa bawa, safari nzima anatazama kazi ya watu wa Wales. Ndege ni ya Airbus, na imeunganishwa Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Lakini bawa lile lilitoka Broughton, kaskazini mwa Wales, karibu na mji wa Chester, katika kiwanda ambacho wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliunda ndege za kivita za Wellington na Lancaster.

Kazi hiyo nusura iwaponyoke. Mwaka 1969 serikali ya Uingereza ilijitoa kwenye mradi wa A300, ndege ya kwanza ya Airbus, kwa kuona haitapata wanunuzi. Kampuni ya Hawker Siddeley ikang'ang'ania kubaki kama mtengenezaji wa mabawa, kwa fedha zake na msaada wa Wajerumani. Mwaka 2024 Airbus ilikabidhi ndege 766, na nyingi kati yake zina mabawa ya Broughton.

Bawa, ukilitazama kutoka dirishani, ni bapa tupu. Ndani ni sanduku refu: mhimili mmoja mbele, mwingine nyuma, mbavu zikipita katikati, na ngozi mbili, ya juu na ya chini, zilizotiwa nguvu kwa fito ndefu. Sanduku hilohilo ndilo tangi la mafuta. Hakuna tangi lingine lililowekwa ndani yake. Mafuta yanagusa ngozi yenyewe, ribiti zenyewe, boliti zenyewe. Kwa hiyo kila tundu linalotobolewa ili kufunga kitu ni mahali ambapo mafuta yanaweza kuvuja, na matundu hayo ni maelfu kwa maelfu.

Siku hizi mashine kubwa zinatoboa mengi kati ya hayo, lakini kuna pembe ambazo mashine haifiki, na hapo ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Vipande viwili vinabanwa pamoja, vinatobolewa kwa pamoja. Drili ikipita, huacha ncha kali kwenye ukingo wa tundu na chenga za chuma katikati ya vipande. Katika utaratibu wa kawaida, fundi anavitenganisha tena, anazikwangua zile ncha, anafuta chenga na mafuta ya drili, ndipo anapaka gundi ya kuziba na kuvirudisha. Gundi hiyo ikishachanganywa ina muda wake. Ukipita, inaanza kukaza na haifai tena, iwe kazi imekwisha au haijakwisha. Boliti inapokazwa, gundi inatakiwa ichomoze kidogo kuzunguka ukingo wote. Ikichomoza upande mmoja tu, fundi anajua kwamba mle ndani kuna uwazi. Mwenzake, wakati huo, ameingia ndani ya bawa kupitia mlango mdogo wa mviringo, taa mkononi, anapitisha gundi kwenye maungio mahali ambapo hata kugeuza kiwiko ni taabu. Mafundi wa majahazi wanaotia kalafati wangeielewa kazi hii mara moja, ila wao wanazuia maji yasiingie, na huyu anazuia mafuta yasitoke.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo mimi naliona ndilo kilele cha ufundi wenyewe, nalo ni shimu, kipande chembamba cha kujazia upenyo. Ubavu ukikutana na ngozi, mara nyingine hubaki upenyo mwembamba kuliko unene wa kadi. Boliti ina nguvu za kutosha kuuvuta ubavu hadi upenyo ufungike, na jicho halitaona kasoro yoyote. Fundi mzuri hafanyi hivyo, kwa kuwa ubavu uliovutwa hivyo hubaki na mkazo ndani yake. Anapima upenyo kwa fila, vibamba vyembamba vya kupimia, anatia shimu ya unene uleule, ndipo anakaza. Mwaka 2012 A380, ile ndege ya ghorofa mbili, ilikutwa na nyufa kwenye vishikizo vinavyounga mbavu na ngozi ya bawa. Aina ya alumini iliyochaguliwa ilichangia, na mkazo uliobaki kwenye vipande tangu siku ya kuunganishwa ulichangia pia.

Bawa la A330 likikamilika linapakiwa kwenye Beluga, ndege yenye mgongo kama wa nyangumi, hadi Bremen, Ujerumani, linakofungwa vifaa vyake, kisha Toulouse. Huko linakutana na vipande vya kiwiliwili na mkia kutoka miji mingine, na lazima vikutane bila kusukumana. Kampuni ya ukubwa huu huishi kwa makubaliano ya vipimo. A380 ilikuwa na waya za urefu wa kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Hamburg walizichora kwa toleo moja la programu, Toulouse kwa toleo jingine. Zilipofika kufungwa, nyingine zilikuwa fupi. Mwaka 2006 Airbus ikatangaza ucheleweshaji mkubwa, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007.

Ucheleweshaji unauma kwa sababu mnunuzi wa ndege hulipa sehemu kubwa ya bei siku ya kukabidhiwa. Mwaka 2025 Airbus ilikuwa na ndege kadhaa za A320 zilizokamilika kila kitu isipokuwa injini, ambazo hutengenezwa na kampuni nyingine, na hizo zilikuwa zimechelewa. Fedha za chuma, gundi na mishahara zilikuwa zimeshatoka. Mabawa yalikuwa tayari, na pale injini zinapotakiwa kuning'inia, palitundikwa vitu vizito tu ili ndege isipoteze uwiano wake.