Istilahi katika Mjadala wa Ushairi

Kutumia istilahi katika uhakiki si kosa. Kosa ni kuzifanya komeo la mlango. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alizieleza kanuni za vina na mizani kwa lugha inayoeleweka. Mizani ni neno lile lile la dukani, ila hapa hupima silabi. Hivyo malenga asiyepata kusoma chuoni aweza kumbishia mhakiki kuwa mshororo wa mizani 16 umepungua. Lakini mhakiki aandikapo “semiotiki” bila maelezo wala mfano, malenga hunyamaza, na kimya chake hudhaniwa kuwa ni kukubali. Yampasa basi mhakiki aifafanue kila istilahi ngeni, ili mtunzi apate kumjibu.