Damu, Ulezi na Mji: Kijana wa Kulelewa katika Siku Njema na Kibera Kid

Methali mbili za Kiswahili zinavutana juu ya mtoto anayelelewa kwa watu. Moja yasema damu ni nzito kuliko maji. Nyingine yasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Riwaya ya Kiswahili, inapomtwaa kijana asiye na wazazi na kumtia katika mji mgeni, huikubali methali ya pili kwa maneno na kuifuata ya kwanza katika msuko wake. Makala haya yanalichunguza jambo hilo katika Siku Njema (1996) ya marehemu Ken Walibora, kisha yanailinganisha riwaya hiyo na Kibera Kid (2006), filamu fupi ya dakika 12 iliyoongozwa na Mmarekani Nathan Collett na kuigizwa na wakazi wa Kibera, jijini Nairobi. Tanzu hizi mbili ni tofauti, naam, lakini swali lao ni moja: kijana asiye na kwao awe wa nani?

Msanifu Kombo, msimulizi wa Siku Njema, anazaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, naye anabaki mikononi mwa jamaa. Ni kijana machachari, mwepesi wa maneno, asiyekubali kuonewa haya kwa sababu ya asili yake. Hatimaye anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta babake, safari inayomfikisha eneo la Kitale. Sehemu bora ya riwaya ni safari hiyo. Humo njiani msomaji anakutana na ukarimu na ukatili wa watu wasiomjua kijana huyu, na kwa muda anaamini kwamba undugu unaweza kujengwa kwa tonge na kwa kitanda cha kuazimwa. Lakini mwandishi hauamini undugu huo vya kutosha. Kila anayempokea Msanifu ni kituo tu; mwisho wa njia ni baba. Walezi wanapita, damu inabaki. Kwa upande wa fani uamuzi huu unaipa hadithi mshikamano mzuri, maana msako wa baba ni uzi usiokatika. Kwa upande wa dhamira, gharama yake ni kubwa: wale waliomlisha wanageuzwa kuwa ngazi.

Kuna hata hivyo nasaba ya pili katika riwaya, nayo ni lugha. Jina Msanifu si la bahati nasibu, na lakabu yake ya Kongowea Mswahili inamtangulia kama hati ya kusafiria. Umahiri wake wa Kiswahili unamtambulisha pale ambapo ukoo haumtambulishi. Hili ni wazo jipya na la kuvutia kuliko msako wenyewe: yatima anayeasiliwa na lugha. Ila lugha inayomwasili ni Kiswahili sanifu. Siku Njema ilisomwa na kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya, na bila shaka ilifika mikononi mwa vijana ambao lugha yao ya kwanza ya mji ni Sheng. Vijana hao wanaalikwa kumshangilia shujaa ambaye mlango wake wa kuingilia katika jamii umefungwa mbele yao.

Kibera Kid inaanzia pale ambapo mlango umefungwa. Otieno ana miaka 12, ni yatima, naye anaishi na genge la wezi. Hana safari ya kumtafuta baba. Genge ndilo linalomlea na ndilo linalomtumia, na uhodari wa filamu umo katika kutotenganisha mambo hayo mawili: mkono unaompa chakula ndio unaomtuma kuiba. Meja Mwangi aliligusa jambo hili kwa Kiingereza katika Kill Me Quick (1973), lakini vijana wake wawili wanafika mjini wakiwa na vyeti vya shule na kumbukumbu ya nyumbani. Otieno hana kumbukumbu ya aina hiyo ya kuegemea. Udhaifu wa filamu ni ule mwelekeo wake wa kuyapanga maisha kwa pande mbili tu, genge huku na uongofu kule. Kibera halisi imejaa watu wa katikati, kama vile nyanya wanaolea wajukuu, majirani, walimu wa madrasa na wa shule za makanisa. Dakika 12 haziwezi kuwabeba wote, lakini mmoja wao angebadili uzito wa uamuzi wa Otieno.

Mandhari yenyewe yana neno la kusema. Kijiji cha Silanga, ndani ya Kibera, kimepakana na Bwawa la Nairobi lililojengwa 1953, na silanga ni neno linalotumika nchini Kenya kwa maana ya bwawa la maji. Kibera nzima ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kibra ni msitu kwa Kinubi. Vizazi vya askari hao viliishi pale bila hati ya ardhi hadi 2017, jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowapa utaifa tangu kuzaliwa. Watoto hao walikuwa na baba, na babu, na makaburi ya babu. Damu waliyokuwa nayo haikuwatosha.

Hapa ndipo suluhisho la Siku Njema linapopata mtihani wake mgumu. Riwaya inachukulia kwamba baba akipatikana, kwao kumepatikana. Kitale inaruhusu dhana hiyo, kwa kuwa huko baba ana mahali. Lau Msanifu angempata babake katika ujirani wa Silanga, huenda angekuta chumba cha udongo na mabati ambacho hati yake haimo mikononi mwa yeyote katika nyumba ile, na sura ya mwisho ingebidi kuandikwa upya.