"Borrow" na "Lend": Kosa Si la Mwanafunzi Peke Yake

Wanafunzi wengi huandika kwa Kiingereza "borrow me your book", nasi waalimu hutia alama ya kosa tukapita. Twaona kwamba kusahihisha hivi hakutoshi, kwa kuwa chanzo cha kosa kimo katika lugha yetu wenyewe. Neno kuazima hutumika kwa pande zote mbili: mwenye haja husema, "Niazime jembe", naye aliyekwisha kulipata husema, "Nimeazima jembe kwa jirani." Kiswahili chapambanua jambo jingine: kitu kitakachorudi chenyewe, kama jembe, huazimwa; kitakachorudi kwa mfano wake, kama fedha, hukopwa. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Chauliza tu kitu chatoka kwa nani na chaenda kwa nani. Kwa atoaye husema "lend", kwa apokeaye "borrow". Basi yafaa mwalimu aanze na kukopa na kukopesha, ambamo pande hizo mbili zaonekana wazi, ndipo afike kwenye kuazima. Asipofanya hivyo, mwanafunzi wake ataandika siku moja hati ya deni ambamo mdai aonekana kuwa mdaiwa.